Ovaroli Safi ya Royce Tidwell

Royce Tidwell alikuwa na ovaroli moja ya buluu, na ovaroli hiyo ilikuwa na madoa kumi na moja. Kila doa lilikuwa na kisa chake. La begani lilitoka Oklahoma, siku bomba lilipopasuka likamrusha futi nane. La kwenye paja lilitoka baharini, kwenye mtambo wa kuchimba mafuta ulioyumba siku tatu ndani ya kimbunga. La kifuani, pana kama sahani, hakulisimulia mpaka amalize kikombe cha pili cha kahawa, maana katika kisa hicho alikufa mtu, na mtu huyo kila mwaka alikuwa na jina jipya.

Alihamia mji wetu wa Harlan Wells miaka saba iliyopita, akamwoa Nadine, mjane mwenye nyumba ya matofali na gauni jeupe la kitani lililoshonwa kwa mkono. Kabla ya hapo hakuna aliyemjua. Huku Texas Magharibi, ambako kila mwanamume ana kidole kilichokatikia visimani cha kuwaonyesha wageni, Royce alikuwa na vyote kumi, kwa hiyo ilibidi ategemee madoa. Kila asubuhi aliyavaa kwenda mgahawani, akaketi karibu na dirisha, penye mwanga mzuri. Nyumbani hakugusa hata mwiko. "Mtu wa visima haingii jikoni," alimwambia Nadine wiki ya kwanza ya ndoa. Nadine, ambaye marehemu mumewe alikuwa mhasibu, aliona fahari kumpikia mwanamume wa namna hiyo.

Mwaka huu kamati ya sikukuu ya mafuta ilimteua kuwa Mkongwe wa Visima. Mkongwe hupanda pikapu ya mbele kwenye maandamano ya Jumamosi, mkewe ubavuni, na picha yake hutundikwa benki mwaka mzima. Sharti ni moja: awe amefanya kazi kwenye mitambo miaka isiyopungua ishirini. Royce aliandika ishirini na miwili, na hapo hakudanganya. Kamati haikuuliza kazi gani.

Nadine alipofikiria picha ya kukaa ukutani mwaka mzima, akaona haya kwa ajili ya ile sahani ya kifuani. Jumatano alimwambia mumewe kwamba ovaroli imepelekwa kubadilishwa zipu, akaibeba hadi kwa Oleta Burchfield.

Duka la Oleta lina mashine kumi za kufulia. Nane za mbele ni za watu wote. Mbili za nyuma, namba tisa na kumi, zina bango jekundu: NGUO ZA VISIMANI HUMU TU. Mji mzima unaishi kwa mafuta, pamoja na shule, kanisa na bango lenyewe, lakini hakuna anayetaka mafuta hayo yaguse shuka zake. Oleta akimkuta mchimbaji kwenye namba mbili humtoa kwa mpini wa ufagio. Doa hulinusa, hulikwaruza kwa ukucha, na hamsimulii mtu doa la mtu mwingine. Mchungaji hufulia kwake. Zaidi ya hapo hatujui kitu.

"Toa yote," Nadine alisema. "Nataka awe kama bwana harusi."

Oleta alinusa kifua cha ovaroli. Akanusa tena.

"Yote, dada?"

"Yote. Najua ni kazi. Ni jasho la miaka ishirini na miwili hilo."

"Tutaona."

Alimwaga wanga wa mahindi juu ya kila doa, akauacha unyonye mpaka kesho yake. Alhamisi akaukung'uta, akapaka sabuni ya kuoshea vyombo, akasugua kwa mswaki mkuukuu, akailoweka ovaroli kwenye maji ya moto. Mvuke ulipopanda, Delbert Stroud, mchimbaji aliyekuwa akisubiri namba tisa, aliinua pua.

"Nani anakaanga kambare?"

"Hakuna anayekaanga."

"Mbona nimeshikwa na njaa ghafla?"

"Wewe una njaa tangu darasa la tatu. Kaa chini."

Alirudia kazi yote mara ya pili. Kisha, badala ya kuitia kwenye mashine ya kukaushia, akaitundika mbele ya feni. Doa la mafuta hujificha nguo ikiwa imelowa, na likipitishwa kwenye joto kabla halijatoka, hukaa hapo maisha. Ijumaa mchana ovaroli ilikuwa imekauka: buluu, safi, isiyo na historia.

Nadine alishindwa kuficha zawadi yake. Saa sita na robo Royce aliingia dukani kwa mbio ambazo paja lake, alilodai liliumia kwenye kimbunga, halikuwahi kumruhusu.

"Oleta! Usiifue!"

Oleta alinyoosha kidole. Royce aliitazama ovaroli, akaigeuza nyuma, kana kwamba madoa yamehamia upande wa pili.

"Yako wapi?"

"Yametoka."

"Yametokaje? Yale ni mafuta ya ardhini, mama! Nimeyatoa futi elfu kumi chini!"

"Mimi nimeyatoa kwa wanga na sabuni ya vyombo."

Namba tisa ilikuwa imesimama, na Delbert alikuwa akichomoa ovaroli yake. Ilikuwa imefuliwa mara tatu wiki ile na bado ni nyeusi kama sakafu ya gereji. Aliitazama yake, akaitazama ya Royce, kisha akaanza kutabasamu polepole, kama mtu aliyekumbuka harufu.

"Sabuni gani hiyo, Oleta? Nipe na mimi."

"Yako haihitaji sabuni. Inahitaji kuzikwa."

"Maandamano ni kesho saa nne," Royce alisema kwa sauti ya chini. "Nitapandaje na hii? Nitaonekana muuza bima."

"Basi uza bima," Delbert alisema. "Vidole vyote unavyo."

Royce, akitumaini mabaki ya mafuta ya wachimbaji, aliitumbukiza ovaroli safi ndani ya namba tisa, akatia sarafu, akasimama mbele ya mlango wa mashine kama anayesubiri majibu ya hospitali. Ilitoka na vivuli vya kijivu, kama nguo ya mtu aliyeegemea gari bovu. Akautazama mfuko wa Delbert wa nguo ambazo hazijafuliwa.

"Niazime kidogo, kaka."

"Kidogo nini?"

"Unajua bwana."

Delbert alitoa ovaroli nyingine, bado inang'aa kwa mafuta ghafi, akaikumbatisha na ile ya Royce na kusugua kwa moyo wote. "Chukua tu. Mimi Jumatatu napewa mengine."

Nyumbani Royce alieleza kwamba alisimama njiani kumsaidia Delbert na pampu iliyokwama, mafuta yakamrukia. Nadine alikaribia kulia. Mzee kastaafu, na bado!

Jumamosi walipanda pikapu. Saa mbili nzima, katika jua la Juni, Nadine alimkumbatia shujaa wake mbele ya mji, ndani ya gauni jeupe la kitani. Watu walipiga makofi. Picha ilipigwa. Kwa mara ya kwanza Royce alinuka kile alichokuwa akikisimulia.

Jumatatu Nadine alilitandaza gauni mbele ya Oleta. Lilikuwa jeusi kutoka kifuani hadi kiunoni.

"Umelitia kwenye mashine ya kukaushia?"

"Dakika arobaini."

"Basi limekwisha."

"Limekwishaje? Mafuta ya Royce ya miaka ishirini na miwili uliyatoa kwa siku mbili. Haya ya saa mbili ndiyo yanakushinda? Si ni yaleyale?"

Oleta alilipapasa gauni. Kilikuwa kitani kizuri, na mshono wa mtu mwenye subira. Nadhani ni huo mshono uliomfanya avunje desturi yake ya miaka thelathini na mmoja.

"Siyo yaleyale. Haya ni ya ardhini."

"Na yale?"

"Ya kambare. Na unga wa mahindi kwenye mishono. Ni mtu aliyekaanga kwa sufuria kubwa, kwa ajili ya watu wengi, miaka mingi."

Wanawake wa mashine za mbele waliacha kukunja shuka. Tulitegemea kilio, au angalau tusi. Nadine alilikunja gauni vizuri, mikono ndani, kama la dukani.

"Kumbe anajua kupika," alisema.

"Kwa harufu ile, sana."

"Miaka saba," Nadine alisema. "Miaka saba nimesimama jikoni mimi."

Picha bado iko benki. Delbert hajasema neno, na kila Ijumaa anakula kwa akina Tidwell, jambo ambalo huenda lina uhusiano. Royce hukaanga akiwa amevaa ovaroli yake. Nadine hakubali avae nguo nyingine kwa kazi hiyo. Jumamosi huletwa kwa Oleta, naye hutoa kambare kwa wanga na sabuni ya vyombo. Mafuta ya ardhini ya Delbert yamebaki palepale.