Raba Alizopewa Pankrasi

Fainali ya mkoa, mwaka tisini na moja, mchezaji wetu bora alikaa chini katikati ya uwanja na kuanza kufungua kamba za viatu, mpira ukiwa unaendelea.

Refa akapuliza filimbi.

Mimi ndiye niliyekuwa kepteni wake, na kitu cha kwanza nilichokisikia moyoni kilikuwa raha.

Msinihukumu bado. Ngoja niwapeleke kule ilikoanzia.

Shule yetu ilikuwa ya mapadri, hapa hapa Songea. Basketi ililetwa na Bruda Edmund, fundi wa karakana ya misheni. Alichomelea ringi mbili kwa mikono yake, sisi wanafunzi tukasomba kokoto na mchanga, saruji ikamwagwa, tukawa na uwanja.

Mwanzoni tulifungwa na kila mtu. Shule nyingine zilikuwa zikituita wanakwaya.

Mimi, Osmund, mtoto wa mtaa wa Mfaranyaki, nilikuwa kwenye ile timu ya kwanza kabisa. Vipigo vyote vile nilivila. Nafika kidato cha tatu, mimi ndiye kepteni, na wale waliokuwa wakitucheka wameanza kutuogopa.

Halafu kulikuwa na Noela.

Zilikuwa enzi za ruksa, biashara imefunguliwa, mabelo ya mitumba yanashuka mjini kila wiki, na mama yake Noela alikuwa na meza yake Mfaranyaki. Jumamosi Noela alimsaidia kuuza. Na mimi, kila Jumamosi nilikuwa na shida ya soksi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Soksi tena, Osmund? Kwani una miguu mingapi?"

Noela anacheka, mimi nababaika. Nilikuwa nimemzimikia kinoma, lakini nikiongea naye ni habari za kombe tu, la moyoni sijalitamka. Nilishajipangia: nikibeba kombe la mkoa, siku hiyo hiyo namwambia.

Hapo ndipo alipoletwa Pankrasi.

Alitoka Lusewa, kwao wanalima tumbaku. Mrefu mpaka mlango wa bweni anauinamia. Mpira wa kikapu hajawahi kuushika.

"Osmund," Bruda akaniambia, "huyu mfundishe wewe."

Nikamfundisha. Kudunda, kupasi, kurusha. Muhula haujaisha, jamaa ananipita juu anafunga, anarudi ananiambia, "Asante, kepteni." Hata dharau hana. Hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi.

Nilijifariji na kitu kimoja tu. Pankrasi alicheza pekupeku. Mguu wake ulikuwa mkubwa mno, hakuna kiatu mjini kilichomwingia, na kwenye mashindano ya mkoa pekupeku hairuhusiwi. Nikajua fainali itabaki yangu.

Jumatatu moja akaja mazoezini na raba.

Nyeupe, za mtoni, za Ulaya kabisa, zina mstari wa bluu. Mimi kepteni mzima nina raba za turubai zimetoboka kidoleni.

"Umezitoa wapi?"

"Nimepewa, kepteni."

"Na nani?"

Akaangalia chini. "Noela. Yule wa mitumba."

Miezi yote ile nanunua soksi kwa hela yangu, sijawahi kupewa hata uzi. Huyu wa juzi anapewa raba bure!

Nikaacha kwenda Mfaranyaki Jumamosi. Jumapili moja Noela akanikuta nje ya kanisa.

"Osmund, mbona umepotea?"

"Masomo," nikamjibu, nikapita.

Aliniita tena. Nikaongeza mwendo.

Mazoezini nilikuwa siangalii mpira, naangalia raba. Nilijua kila mkunjo wake. Nilijua jinsi Pankrasi anavyozifuta jioni kwa kitambaa cha maji, taratibu, na kila akizifuta naona anamfuta Noela. Bruda alipomsifu, nilikohoa. Wenzangu walipompigia makofi, nilijifanya nafunga kamba.

Sasa turudi fainali.

Tunacheza na timu ya Mbinga, wametuzidi kikapu kimoja, dakika zimebaki kidogo. Pankrasi alikuwa ameanza kuchechemea tangu mapumziko. Nikamwona anakaa chini. Nikasema moyoni, leo Noela ataona nani mwanaume.

Bruda akaingia uwanjani, akamvua raba ya mguu wa kulia.

Soksi ilikuwa imelowa damu. Vidole vimechubuka, kucha moja haipo.

Bruda akaishika ile raba, akamvua na ya pili, akaziweka pamoja juu ya saruji.

"Pankrasi, hizi zote ni za kushoto."

"Ndiyo, Bruda."

"Umecheza nazo muhula mzima?"

"Urefu zilinitosha, Bruda."

Jamani. Raba nilizozikodolea macho kuliko mtu yeyote pale shuleni! Niliona mstari, niliona soli, niliona kila kitu. Kwamba zote ni za mguu mmoja, sikuona.

Noela akatoka kwa watazamaji mbio.

"Wewe mtu, si nilikwambia hazina wenzake wa kulia? Nilikwambia ujaribu tu!"

"Ulisema mama atazitupa," Pankrasi akajibu. "Nikaona nisikuangushe."

Noela akapiga magoti. Akafungua kitenge chake kiunoni, akakichana, akaanza kumfunga mguu. Alipomaliza akainua uso akamtazama, na mimi niliyekuwa nimesimama pale karibu niliona kabisa kwamba alikuwa hajawahi kumtazama hivyo kabla.

Mechi ikaendelea. Nilifunga vikapu viwili vya mwisho, mimi mwenyewe, na tukachukua kombe la kwanza katika historia ya shule. Wakanibeba juu juu. Huko juu nikawa namtafuta Noela.

Alikuwa ameshaondoka, amemshika Pankrasi mkono, wanaelekea zahanati.

Walifunga ndoa baadaye. Nilialikwa, nikaenda, nikala pilau.

Mwaka jana shule ilifanya jubilei. Tukakutana wazee wa timu, vitambi mbele. Noela akaja kunisalimia, na mimi baada ya soda mbili nikajikaza.

"Noela, zile raba. Kwa nini ulimpa yeye?"

Akanishangaa. "Si kwa sababu ya kombe lako? Kila Jumamosi wimbo wako ulikuwa kombe. Bruda alishasema bila yule mrefu hamlipati. Nikapekua belo zima kutafuta kinachomtosha, nikapata hizo tu."

"Kwa hiyo ulimpa kwa ajili..."

"Kwa ajili yako, ndiyo. Nikasubiri uje unishukuru. Ukaninunia."

Alisema bila uchungu wowote, kama anamsimulia mtu habari za majirani. Halafu akachukua sahani, akaenda kumpakulia mumewe.

Ndugu yangu unayesoma, wivu ukikushika, nenda kaulize. Utaaibika siku moja, basi, itapita. Mimi sikuuliza, na kila Jumapili wanakaa benchi la mbele yangu kanisani.