Siti Juu, Miguu Hewani

Kwetu Malindi, ile ya milimani juu ya Lushoto, si ya pwani, siti ya baiskeli hupimwa kwa mteremko. Mlima tunaupanda kwa miguu, tukisukuma. Baiskeli ni ya kushukia. Ndiyo maana siti hushushwa hadi nyayo zote mbili zikanyage chini, kwa kuwa breki ikikataa, kinachobaki ni soli za viatu.

Lakini magoti yalikuwa yananisumbua, na fundi mmoja mgeni, kijana wa Korogwe kwenye tambarare, aliyefungua kibanda pale sokoni, alishindwa kujizuia alipoiona baiskeli yangu.

"Shikamoo mzee. Siti hii ni ya mtoto wa shule. Ndiyo inayokuua magoti."

Akalegeza nati, akaniambia niweke kisigino kwenye pedeli, akaipandisha siti mpaka mguu ukakaribia kunyooka. Nikazunguka uwanja wa soko mara mbili. Raha tupu! Goti halikulalamika hata kidogo. Nilijiona kijana, na mjinga mimi nikasahau ninakoishi.

Kesho yake asubuhi nilimpakia mke wangu kwenye keria tukaanza kuteremka kwenda Lushoto, kumjulia hali dada yake. Ukungu ulikuwa umelowanisha rimu. Kwenye kona ya kwanza nilibana breki, baiskeli ikazidi kwenda. Nikashusha miguu kama nilivyozoea tangu utotoni, nayo haikufika. Vidole vilipapasa hewa. Kushoto kwetu hapakuwa na kitu, bonde tu, na mapaa ya mabati huko chini kabisa.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani. Hofu yangu yote ilikuwa kwenye ile mikono miwili iliyoshika sweta langu, iliyokuwa imeniamini. Nilitaka kumwambia aruke, muda haukutosha. Nikakata usukani kulia, nikavuka barabara na kuigongesha baiskeli kwenye ukingo wa udongo upande wa mlima. Tukaanguka pamoja kwenye magugu.

Yeye ndiye aliyeinuka kwanza, kiwiko kinavuja damu. Hakunigombeza.

"Baba, miguu yako ilikuwa wapi?" aliuliza.

Mchana ule ule nilirudi kwa fundi, nikamwambia aishushe. Akanionya kwamba magoti yataniuma.

"Yaume," nikasema.

Siti imerudi chini, ilipokuwa. Mke wangu hajakaa tena kwenye keria.