Vibuyu Vilivyokunywa Sabuni

Mimi ni mfuaji. Nafua mashuka na taulo katika hoteli moja hapa Isiolo mjini, na kwa miaka mingi niliamini kwamba hakuna uchafu unaoshinda maji moto na sabuni ya unga. Imani hiyo ndiyo iliyoniponza. Wacha niseme mapema, mtu asije akafikiri nalaumu baridi au wageni: kosa lilikuwa langu, na halirekebishiki.

Mama yangu alitengeneza vibuyu vya maziwa. Kila mwezi wa saba, baridi inapokaza, kuna soko la kazi za mikono katika kijiji kimoja cha mlimani, huko barabara ya Meru inakopanda. Akina mama wa huko huleta masweta waliyofuma na vyondo vya mkonge. Sisi watu wa chini tulipanda na shanga, mikeka na vibuyu. Mama alikuwa na mahali pake karibu na ukuta wa kanisa. Watu walimwita tu mama wa vibuyu, na jina hilo alilipenda kuliko lile la ubatizo.

Kibuyu cha maziwa hakioshwi. Kwetu hilo linajulikana hata na mtoto anayetambaa. Unachoma kijiti cha mzeituni wa mwituni mpaka ncha iwe kaa, unasugua nacho kuta za kibuyu kwa ndani, halafu unafunika moshi ukae humo. Moshi ndio sabuni yake. Maziwa hukaa bila kuharibika, tena yanapata ladha ambayo mtu akiikosa husema hajanywa maziwa. Nilijua haya yote. Sikuyasahau, niliyadharau.

Mwaka uliotangulia, mgeni mmoja mwenye kamera alifungua kibuyu cha mama, akanusa, akakunja uso, akakirudisha. Nilimwona, na jambo hilo nikalibeba moyoni mwaka mzima. Macho ya mama yalikuwa yanafifia, mtoto wa jicho pande zote mbili, na shanga alizitunga kwa kupapasa. Alisema vibuyu tisa vya msimu ule ndivyo vya mwisho. Alitaka kitu kimoja tu: kila kimoja kiende kwa mtu atakayetia maziwa ndani, yeye asirudi nyumbani na hata kimoja. Basi mimi na kimbelembele changu nikajiambia nitamsaidia.

Siku moja kabla ya soko, mama akiwa kanisani na wenzake, niliviosha vyote tisa. Maji moto, sabuni ya hoteli, brashi ya chupa. Maji yalitoka meusi tii, na mimi mjinga nikafurahi. Nikavianika juani mpaka vikakauka, nikavifunika kwa vifuniko vyake vya ngozi. Mama aliporudi alikuwa na mafua mazito, pua imeziba kabisa, kwa hiyo hakunusa chochote.

Kule juu tulikuta ukungu na manyunyu asubuhi nzima. Magari ya wageni hayakuja. Wauza masweta walijikunyata kuzunguka jiko, wamevaa bidhaa zao wenyewe. Watu ambao niliwaoshea vibuyu hawakutokea hata mmoja.

Saa sita hivi akaja mama mmoja wa Sericho, kule nyikani kwa wafugaji, amejifunga shali mbili, anatetemeka. Alikuwa amefika Isiolo kwa shughuli zake, akasikia soko liko mlimani, akapanda makusudi kumtafuta mama wa vibuyu.

"Salaam aleikum, mama," akasema. "Kile kibuyu uliniuzia nikiwa bibi arusi kimepasuka juzi. Mama mkwe wangu hataki maziwa ya jerikeni, anasema ni maji. Nataka viwili."

Mama alicheka mpaka mapengo yake yakaonekana. Sijui kama nimewahi kumwona na furaha ile tena.

Lakini kibuyu hakinunuliwi kwa macho. Yule mama akafungua kifuniko, akanusa. Akafungua cha pili. Akafungua cha tatu.

"Hii umefukiza na nini?"

"Mzeituni, kama siku zote," mama akajibu.

"Hapana, mama. Hii iko na harufu ya nguo."

Mama alikichukua akanusa, pua ikamkatalia. Akaingiza vidole viwili, akapapasa kuta, akaviweka ulimini. Nilimwona akionja sabuni. Kisha akageuza uso upande wangu.

"Ni mimi," akamwambia mteja. "Macho yameisha. Bila shaka niliviosha na maji ya nguo bila kujua. Nisamehe."

Yule mama hakuwa na ubaya. Alimshika mkono, akasema pole, uzee hauna dawa, akateremka bila kitu.

Nilimwambia mama tuvifukize upya. Akasema, "Kibuyu kikinywa sabuni hakitapiki." Hayo ndiyo maneno pekee aliyoniambia kuhusu jambo lile hadi leo. Hata hivyo nilijaribu, nikafukiza siku nne, nikaungua kidole. Maziwa niliyotia yalikatika kabla ya jioni. Vibuyu vyote tisa viko juu ya kabati, na mama hajagusa kibuyu kingine.

Sasa haoni kabisa. Majuzi nilimpeleka sokoni kununua maziwa ya ngamia. Muuzaji, ambaye kwao ni Sericho, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mama wa vibuyu aliharibu kazi, maana huko kwao wanaonyana wasinunue tena kwake. Mama alikuwa ameshika kiwiko changu. Masikio yake ni mazima. Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema: niliviosha mimi. Nikafungua mdomo.

"Ni uzee," nikasema.

"Ndiyo, ni uzee," mama akaitikia, akanyoosha jerikeni letu dogo litiwe maziwa.