Upande wa Santuri

Nilitumwa Boito kumchukua mama. Ndugu zangu walikuwa wameshaamua: ng'ombe wauzwe, mama ahamie kwangu Kericho mjini, kwa sababu kichwa chake kilikuwa kimeanza kumchezea. Alituambia kwenye simu kwamba redio ya marehemu baba inapumua. Nilikubali kwenda, maana kwetu ukikataa kazi ya ndugu utasemwa hadi uzikwe.

Redio yenyewe ni risiva ya zamani ambayo baba aliinunua kwa Mzungu aliyekuwa akihama kutoka shamba la majani chai. Sanduku la mbao, uso wa alumini, na uzito wa kukuvunja mgongo. Mgeni hakupewa chai kabla ya kuelezwa sifa zake: wati arobaini kila upande, za kweli, si hizi za siku hizi, sindano mbili za kuonyesha stesheni imeshika vipi, vitufe viwili vya spika, A ya sebuleni na B ya zizini, kwa sababu baba aliamini ng'ombe akisikia muziki huachilia maziwa. Tulimcheka, na ng'ombe walitoa maziwa.

Nilifika alasiri, ukungu umefunika majani chai hadi karibu na mlango. Mama alinisalimu, akachukua ndoo ya kukamulia.

"Usiiguse redio," akasema. "Mzee anasikiliza."

Nikabaki nayo peke yangu. Taa yake ya kijani ilikuwa inawaka, sindano zimelala, swichi ya kuchagua redio au santuri imegeuzwa upande wa santuri. Nyumba hiyo haina mashine ya santuri tangu nikiwa shule ya msingi. Nilikuwa nimeanza kuudhika na stima inayochomwa bure, wakati kitu kilipopumua ndani ya spika.

Pumzi ndefu, nzito. Halafu nyingine. Baba alifia chumba hicho hicho, kitanda chake kikiwa pale nilipoketi, na mwishoni alipumua hivyo hivyo. Niliogopa, sitadanganya. Nikanyoosha mkono ning'oe plagi.

Ndipo sauti ya mama ikatoka kwenye spika: "Mzee, mtoto wako amekuja kunitoa hapa."

Nikaigeuza risiva nione nyuma. Waya wa spika ya zizini ulikuwa umetolewa mahali pake na kufungwa kwenye tundu za santuri, umekazwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, vile baba alivyofunga kila kitu katika boma hili. Spika ikiunganishwa hivyo, hugeuka sikio. Aliyepumua ni ng'ombe. Baba aliposhindwa kutoka kitandani, alijitengenezea njia ya kumsikia mama akikamua.

Kujua hivyo hakukuniondolea baridi. Mama aliongea kwa sauti ya chini, na kila mara alinyamaza, kama mtu anayejibiwa.

"Nikienda huko mjini utanisikia na nini?" Maziwa yakagonga ndoo. "Wewe mwambie. Mimi hawanisikii."

Ng'ombe akapumua. Kisha mama akacheka kidogo, na tangu mazishi sikuwa nimemsikia akicheka.

Alirudi na ndoo, kitambaa cha kichwa kimelowa ukungu. Hakuniangalia.

"Amekwambia nini?" akauliza.

Nilikuwa na maneno ya ndugu zangu wote mdomoni, na gari nje.

"Amesema ubaki."

"Hata mimi ameniambia hivyo," akasema, akaanza kuchuja maziwa.