Ukoko wa Ulezi Mpya

Mwaka ule nilirudi Mbozi kwa likizo ndefu kutoka chuo kikuu, kule Uganda, nikakuta ulezi umeshavunwa na baridi imeanza kuuma. Nilikuta pia mke wa kaka yangu ameshika jiko la mama.

Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria moja ambayo hakuna mchungaji aliyeihubiri: aliyesaga unga ndiye mwenye ukoko. Ugali wa ulezi mpya ukishapakuliwa, mama hukiacha chungu juu ya mafiga kidogo, kisha hukwangua kile kigaga kilichoshika chini na kukitia kikiwa cha moto katika kiganja cha msagaji. Tangu nilipoweza kulisukuma jiwe la kusagia mpaka nilipoondoka kwenda shule ya bweni, kiganja hicho kilikuwa changu.

Sasa nilipewa kiti. Kilikuwa kiti cha marehemu baba, ambacho zamani hatukuthubutu hata kukiegemea, nacho kiliwekwa uani, mbali na moshi. Niliwekewa wali wa mchele wa Kamsamba kwenye sahani ya bati nyeupe, na kijiko. Mama na mke wa kaka walikula jikoni, chini, katika bakuli moja: ugali mweusi na maharage yaliyotokota tangu asubuhi. Kupitia mlangoni niliona mikono yao ikipishana bila kugongana, kisha nikamwona mama akikwangua chungu na kuutia ukoko kiganjani mwa mwenzake.

Niliuliza, maana chuoni nilizoea kuuliza kila kitu. Kwa nini mgeni alishwe wali? Nani aliamua kwamba chakula kilichonunuliwa ni heshima kuliko kilicholimwa?

"Kula, mwanangu, wali utapoa," mama alijibu.

Wifi yangu akacheka. "Wifi, huko kwenu mnakula maswali?"

"Huko kwenu." Neno hilo sikulimeza. Huyu aliyezaliwa Ileje, upande wa Isongole, ambaye hata lugha yetu ya Kinyiha aliisema kwa lafudhi ya Kindali, alikuwa ananipa kwetu kwingine! Nilimwonea wivu kwa mambo ambayo ningeona aibu kuyataja darasani: kwamba alijua mama ameficha wapi chumvi, kwamba walinyamaza pamoja kwa muda mrefu bila kuchoka. Nilijiambia kwamba ukoko ni unga ulioungua tu, hauna maana yoyote ila ile tuliyoutwisha. Hoja ilikuwa nzuri. Haikunisaidia.

Kwa hiyo asubuhi moja nikawahi. Nilipiga magoti mbele ya jiwe, nikamwaga ulezi, nikasaga. Mgongo uliuma upesi, lakini mikono ilikumbuka. Wifi alinikuta unga umeshajaa ungo. Akauchukua kidogo, akausugua kati ya vidole.

"Laini," alisema. "Mama, njoo uone! Msomi ametunyang'anya kazi."

"Siyo kazi," nilisema. "Nataka ukoko."

"Ukoko?" Akashika kiuno. "Wifi, umesafiri kutoka Uganda kuja kugombania ukoko na mimi?"

Nilisema ndiyo. Alicheka mpaka akaketi juu ya kinu. Mama hakucheka. Alinitazama kidogo, akaenda kuchochea moto.

Mchana niliambiwa nisubiri uani. Nilisubiri, nimekaa kwenye kile kiti, nikisikia mwiko ukigonga chungu. Mama akatoka. Ukoko wangu ulikuwa kwenye sahani nyeupe, umefunikwa kwa kitambaa, na kijiko pembeni. Aliuweka mapajani mwangu kwa mikono miwili, kama anavyompelekea mchungaji chai, akarudi ndani.

Nilikaa na sahani ile mpaka nikashindwa. Nikainuka, nikaingia nayo jikoni.

"Mama, sahani hii si yangu."

"Ya nani sasa?"

"Ya mgeni."

Wifi akasogea. "Basi keti, mgeni. Ila usizikalie kuni zangu, nimezitoa mbali."

Niliketi chini, moshi ukaniingia machoni, nikanyoosha kiganja. Mama aliurudisha ukoko chunguni upate moto, akautia kiganjani mwangu. Uliniunguza. Nikautafuna. Ulikuwa na ladha ileile, chungu kidogo, na mchanga kidogo kutoka kwenye jiwe.

"Sasa umetosheka?" wifi aliuliza.

Nilikuwa nataka kusema ndiyo. Lakini wakati huohuo mama alinyoosha mwiko pembeni bila kugeuza kichwa, bila kuita, na wifi akaupokea bila kutazama na kuanza kuulamba. Mama aliendelea kupuliza moto, kana kwamba ameuhamisha mwiko tu kutoka mkono wake mmoja kwenda mwingine.

"Bado," nilisema.