Kanuni za Klabu ya Salamu

Nkirote alikuwa akipiga taipu katika duka moja la Makutano, mjini Meru: barua za kuomba kazi, ratiba za mazishi, malalamiko ya kupelekwa kwa chifu. Lakini starehe yake hasa ilikuwa salamu za redio. Mwaka wa 1996 alikuwa katibu wa klabu ya watu ishirini na sita, kutoka Timau hadi Embu, waliojuana zaidi kwa majina ya hewani kuliko kwa sura. Walimletea kadi zao, naye akazituma redioni Nairobi katika bahasha moja, zikasomwe hewani.

Mwezi wa Juni, Mbae, mlinzi wa shamba la ngano kule Timau, alimsalimu Ruguru wa Kanyakine, "anayezidi kungoja mchumba". Nchi nzima ikasikia. Ruguru hakuleta kadi tena.

Wanachama wakamwomba Nkirote aandike kanuni. Zile za kwanza zote zilianza na "Ni marufuku". Mwenyekiti, mzee Nyamu, alizisoma akatikisa kichwa.

"Katibu, hii ni klabu ama korokoroni? Watu watatoroka."

Nkirote akaandika upya: "Karibu. Hapa tunasalimiana kwa sababu tunapendana. Utani ni sawa ikiwa anayetaniwa pia atacheka. Kama huna hakika, muulize kwanza. Ukimwaibisha mwenzako, kadi zako zitakaa nje ya bahasha miezi mitatu. Baadaye, karibu tena."

Katika mkutano wa kupitisha kanuni hizo, Mbae alijitetea. "Mimi nilikuwa nafanya mzaha tu."

"Wewe ulicheka," Ruguru akamjibu. "Mimi nilizima redio."

Mbae akaomba msamaha mbele ya wote. Kwa kuwa kosa lake lilitangulia kanuni, hakuadhibiwa.

Septemba, Nkirote akipanga kadi, alikuta moja ya mwenyekiti mwenyewe: salamu kwa Mbae, "mlinzi anayelala kuliko mbwa wake". Akaiweka kando. Nyamu alipopita dukani, akamrudishia kadi zake zote.

"Hata mimi, Nkirote?"

"Hata wewe, mzee. Ulimuuliza Mbae?"

"Sikumuuliza."

"Basi ni hadi Desemba."

Nyamu alinuna wiki mbili, akawa anapita upande wa pili wa barabara. Wiki ya tatu aliingia, akataka nakala kumi za kanuni kwa wanachama wapya wa Embu. Nkirote akampa kiti, akaanza kupiga taipu.

Desemba kadi za Nyamu zilirudi bahashani. Ya juu ilikuwa ya kumsalimu Mbae, na safari hii mzee alikuwa amemuuliza kwanza.