Mizunguko Mitatu na Vigingi Viwili

Daktari aliponiuliza kama ninayo njia ya kuwafanya watu wa kikundi wakimbizane, nilipaswa kusema sina. Nilisema ninayo. Ilikuwa asubuhi, tumesimama kwenye uwanja wa shule ya msingi, mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka Kolandoto, na hakuna aliyenishika shati. Ningeweza kusema, "Hawa ndivyo walivyo, daktari," naye angefunga mizigo yake akatafute wakimbiaji kwingine. Lakini nilikuwa na cheti cha kidato cha nne, umri wa miaka ishirini, na kofia nyeupe aliyonipa yeye mwenyewe. Kijana mwenye vitu vitatu hivyo hakosi njia.

Nieleze kwanza alichokuwa anatafuta, maana wakati ule tulieleza vibaya na ndiyo sehemu ya balaa.

Daktari alikuwa Mtanzania mwenzetu, amerudi kutoka masomoni Ulaya na soksi nyeupe zilizomfika magotini. Alikuja na baiskeli isiyokwenda. Ilifungwa kwenye chuma katikati ya darasa. Mtu alipanda, akabanwa pua kwa kibano, akatiwa bomba la mpira mdomoni, akakanyaga pedeli mpaka macho yamtoke, na pumzi yake yote ikaingia kwenye mfuko mkubwa. Daktari aliipima pumzi ile kwa vyombo vya kioo, akajua mwili wa mtu huyo unaweza kutumia hewa kiasi gani anapofanya kazi ngumu. Mfuko haudanganyi, alisema. Shida yake ni kwamba ni ghali, na vioo huvunjika. Huwezi kuvipeleka kila shule na kila kambi. Huko alikosoma walikuwa wanawakimbiza watu uwanjani kwa dakika kumi na mbili, kisha wanakadiria nguvu hiyo hiyo kwa umbali mtu aliofika. Yeye alitaka kujua kama uwanja unasema kweli kwa watu wetu. Mwenye pumzi nyingi mfukoni afike mbali uwanjani, mwenye pumzi chache abaki nyuma. Ikiwa hivyo, kesho utahitaji filimbi na saa tu.

Alihitaji wanaume wenye afya, na mimi nikamletea kikundi cha kulima cha kwetu. Walikuwa watu kumi na sita. Walilima pamba na mtama wa kila mmoja wao kwa zamu, kwa mstari mmoja, kwa ngoma na wimbo. Shamba la baba nalo walililima, ingawa baba alikuwa na mguu mbovu na hakuweza kwenda kulima kwao. Mkubwa wao, nsumba ntale kama tulivyomwita, alikuwa shemeji yangu, mume wa dada yangu wa pekee. Yeye ndiye aliyeanzisha wimbo, na mstari mzima ulifuata mwendo wa jembe lake.

Mimi, daktari aliniahidi kwamba kazi ikienda vizuri atanichukua Dar es Salaam niwe msaidizi wake. Nilikwisha kumwambia kila mtu. Nilikuwa natembea kama mtu aliyekwisha kurudi kutoka huko.

"Shemeji," aliniambia mume wa dada aliposhuka kwenye ile baiskeli, jasho likimchuruzika, "umekaa shule miaka yote hiyo ili uje kutupandisha baiskeli isiyofika?"

"Inafika, shemeji. Inafika kwenye mfuko."

"Basi pumzi yangu ukifika nayo Dar usiiache stendi. Haina mwenyeji kule."

Mfuko wake ulishinda mifuko yote. Daktari hakuamini, akampandisha tena kesho yake, na jibu likawa lile lile. Nililiandika daftarini kwa mwandiko wangu bora.

Kisha tukaenda uwanjani. Nilikuwa nimepima mzunguko wa mita mia nne kwa utepe wa chuma na kuchomeka kigingi kila mita ishirini na tano. Daktari akapiga filimbi. Shemeji akaanza wimbo, wenzake kumi na tano wakajipanga nyuma yake, wakaenda. Dakika kumi na mbili zilipokwisha walisimama wote kwenye kigingi cha tisa cha mzunguko wa sita, hakuna anayehema kwa shida. Niliandika: mizunguko mitano, vigingi tisa. Chini yake: mizunguko mitano, vigingi tisa. Mara kumi na sita. Mwalimu wangu wa hesabu angenichapa kwa kunakili.

"Hii si mbio," daktari alisema. "Haya ni maandamano."

"Daktari, ulitaka dakika kumi na mbili," shemeji akamjibu. "Zimekwisha na hakuna aliyebaki njiani."

"Nataka kila mmoja akimbie kwa nguvu zake zote! Kivyake!"

"Na anayechoka?"

"Mwacheni."

"Tumwachie nani?"

Daktari aliniangalia mimi, kana kwamba swali lilikuwa la Kisukuma na linahitaji mkalimani. Lilikuwa la Kiswahili safi.

Wiki iliyofuata alijaribu tena, kwa hotuba ndefu kuhusu taifa na afya. Waliisikiliza kwa heshima. Safari hii walifika kigingi cha kumi, wote. "Tumekuongezea kimoja kwa sababu ya hotuba," shemeji alisema.

Hapo ndipo daktari aliponivuta pembeni na kuniuliza kuhusu njia. Bila tofauti kati ya mtu na mtu, alisema, hakuna utafiti. Huwezi kulinganisha mifuko kumi na sita na namba moja. Hakuniambia niseme uongo. Nimemtafutia lawama hiyo kwa miaka mingi na sijaipata. Uongo niliutunga mwenyewe, njiani, nikiendesha baiskeli inayokwenda.

Nilizunguka nyumba kwa nyumba siku mbili. Kila mtu nilimwambia faraghani: mgodi wa almasi unataka watu watatu wenye mapafu imara, daktari ameombwa awachague, na watatu wa kwanza Jumamosi ndio hao. Usimwambie mtu, nafasi ni chache.

"Na buti wanatoa?" aliniuliza jirani yetu mmoja, mtu mwenye miguu mirefu kama ya korongo.

"Buti na kofia ya chuma."

"Na mwenzangu hapa jirani nimwambie?"

"Ukimwambia utamkuta amezivaa yeye."

Akacheka, akanikaribisha michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa. Nilikula michembe katika nyumba karibu zote. Nilitazamia angalau mmoja aseme hataki kuwashinda wenzake kwa siri. Hakuna. Hilo silisemi ili kujitetea. Ninalisema kwa sababu waliokula nami michembe ile walikuja kunishangaa sana baadaye.

Wawili watatu waliniuliza kama nsumba ntale anajua. Nilijibu, "Yule ana habari zake." Sikumwambia shemeji. Angeniuliza ni nani hasa mgodini aliyetoa ombi hilo, nami ningeanza kujikwaa.

Jumamosi walifika mmoja mmoja, jambo ambalo halijawahi kutokea. Mmoja amenyoa kipara. Mwingine amepaka samli miguuni mpaka inzi wanamfuata. Yule wa miguu mirefu, ambaye maisha yake yote alivaa makatambuga ya matairi, alikuja na raba za mdogo wake zilizombana hata akawa anakanyaga kama mbuni kwenye moto. "Mwangaluka," shemeji aliwasalimia, nao waliitikia huku wakiangalia kando. Daktari aliniazimia walimu wawili wa kunisaidia kuhesabu. Moyo wangu ulikuwa unaruka kwa furaha, sitaficha.

Filimbi ikalia. Shemeji akaanza wimbo, na mstari mzima ukampita. Walipigana viwiko kwenye kona ya kwanza kama ng'ombe mlangoni mwa josho. Shemeji aliimba karibu nusu mzunguko kabla hajagundua kwamba hakuna anayeitikia. Katika mzunguko wa pili mpiga ngoma wao, mtu mzima kuliko wote, alisukumwa akaangukia goti. Waliokuwa nyuma yake walimruka kama gogo. Watu hawa walikuwa wamelima naye bega kwa bega tangu nikiwa mtoto.

Shemeji alisimama. Alimnyanyua, akampeleka kivulini, akamwosha goti kwa maji ya kunywa, akamfunga kitambaa. Kisha akarudi uwanjani na kukimbia kwa mwendo wake wa kila siku mpaka filimbi ya mwisho. Nilimwandikia mizunguko mitatu na vigingi viwili.

Jioni ile daktari alitandaza karatasi ya miraba mezani. Kwa kila mtu aliweka nukta: pumzi ya mfukoni upande mmoja, umbali wa uwanjani upande mwingine. Nukta zilipanda taratibu kuelekea kona ya juu, kama siafu.

"Mstari!" alisema. "Umeuona mstari?" Kisha uso ukamwiva. "Isipokuwa hizi mbili."

Ya mpiga ngoma aliitoa mara moja, kwani mtu aliyeumia hapimwi, na hapo alikuwa na haki. Nukta ya shemeji ilibaki peke yake mbali kabisa, mwenye pumzi nyingi kuliko wote, aliyekimbia kidogo kuliko wote.

"Huyu ananiharibia. Mfuko mkubwa vile, halafu mizunguko mitatu! Ni mvivu?"

"Alisimama kumwinua mwenzake, daktari."

"Kipimo hakina safu ya hiyo," alisema. "Ifute."

Niliifuta. Nilitumia ufutio wa shule, nikapuliza vumbi lake, kisha nikachukua rula nikakata jina lake daftarini pamoja na vipimo vyake vyote. Zikabaki nukta kumi na nne, nzuri kuliko zilivyokuwa. Uwanja ulikuwa unasema kweli. Daktari alinishika mkono kwa mikono miwili.

Jumatatu asubuhi washindi watatu walikwenda mgodini. Kila mmoja alitoroka kivyake: mmoja kwa baiskeli, mmoja kwa miguu kupitia Maganzo, mmoja alizunguka mpaka mjini Shinyanga akapanda basi. Wakakutana getini, kila mmoja na kifurushi chake cha nguo. Mlinzi aliwasikiliza, akawaita walinzi wenzake waje, akawaomba waeleze tena tangu mwanzo. Walirudi nyuma ya lori moja bila kusemeshana.

Kikundi kilikutana uani kwetu jioni ya pili. Nilidhani watanipiga. Lakini aibu yao ilikuwa kubwa kuliko hasira, na aibu haipendi kukaa na mwenyewe. Inatafuta wa kumpa. Yule wa samli ndiye aliyeanza, akimwelekea shemeji.

"Wewe ulikuwa unajua. Wote tulikimbia kasoro wewe."

"Nilikuwa nainua mtu."

"Ni kweli aliniinua," mpiga ngoma alisema, akionyesha goti.

"Hatukatai. Tunauliza kwa nini. Kazi ya mgodi iko mbele yako, halafu unaosha goti? Mtu hainui mtu namna hiyo bila kujua kwamba kazi yenyewe haipo."

Watu waliguna kukubali. Kwao lilikuwa jambo lililo wazi. Nikatazama ardhi nikidhani nimepona, mpaka wa miguu mirefu aliponigeukia.

"Karani, utuambie wewe. Shemeji yako alijua?"

Jibu lilikuwa neno moja: hapana. Lakini hapana ingeleta kwa nini, na ningelazimika kusema mbele ya baba kwamba nilimficha kwa sababu ndiye pekee ambaye angenikamata. Na Landrova ya daktari ilikuwa bado shuleni. Ilikuwa iondoke kesho yake, na neno la uongo wangu likimfikia, Dar ingeondoka nayo. Hata daftarini, ambako pumzi zake zingeonyesha kwamba angeweza kuwashinda wote, jina lake nilikwisha kulikata kwa rula.

"Muulizeni mwenyewe," nikasema.

Shemeji alinigeukia. Nilisubiri anitanie, kama alivyonitania tangu siku alipomposa dada.

"Haya, karani," alisema, akachukua fimbo yake.

Mvua ziliponyesha hakuna aliyeitikia wimbo wake. Kila mtu alilima kwake. Baba alilima akiburuta mguu, nami pembeni yake na viganja vyangu vya kidato cha nne, na magugu yalitushinda kabla pamba haijafika magotini. Daktari hakuandika mpaka kiangazi. Alituma karatasi ya kurasa chache kwa Kiingereza, nukta kumi na nne zimepigwa chapa vizuri, na mwishoni sentensi moja ya kuwashukuru wenyeji kwa ushirikiano wao. Kuhusu Dar hakusema kitu. Kofia ilikwisha kuliwa na panya.

Mwaka ule shemeji alihamia Geita, ambako wengi wa kwetu walikuwa wanakwenda kufyeka mapori na kupata ardhi. Alisema hawezi kuishi mahali ambapo akimsaidia mtu anaulizwa sababu. Dada alikuja kumuaga baba. Mimi nilikuwa ndani, mlango uko wazi, naye alijua nipo.

"Mwambie karani tumeondoka," alimwambia baba, kwa sauti ya kutosha kunifikia.

Dada nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kwenye msiba wa baba, miaka miwili baadaye. Alinipa mkono kama anavyopewa mtu wa ofisini. Nilifungua mdomo kumweleza, watu wakaingia, nikaufunga. Niliandika barua tatu kwenda Geita na sikupata jibu. Barua ya nne, iliyokuwa na ukweli wote, sikuituma.

Dada alifia huko. Habari nilizipata mnadani Kahama, kwa mchuuzi wa ng'ombe aliyedhani ninajua, akanipa pole kwa msiba uliokwisha miezi miwili nyuma. Nilikuwa naye mmoja tu, na sikumzika.